Kuijua Skrini ya Programu ya Kuandikia: Wajibu wa Ofisi za Parokia na Jumuiya Zetu



Katika parokia zetu za wilaya za Tarime na Serengeti, kazi ya kuandika imeongezeka tangu kompyuta zilipoingia ofisini. Katibu wa parokia huandaa vyeti vya ubatizo na barua za utambulisho. Katekista hupanga orodha ya vijana watakaopokea Kipaimara. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo huandika mihtasari ya vikao na taarifa za michango. Sehemu kubwa ya kazi hizo hupita katika programu ya kuandikia, iwe Microsoft Word, iwe LibreOffice, iwe ile iliyomo katika simu ya mkononi.

Hata hivyo, wengi wetu huifahamu programu hiyo kwa kukariri tu: bofya hapa, kisha bofya pale. Toleo likibadilika, au ofisi ikipata kompyuta nyingine, yale tuliyoyakariri hayatusaidii tena. Ndipo kazi zote humwangukia kijana mmoja anayesemekana kuwa ndiye ajuaye kompyuta, au hupelekwa steshenari mjini, ambako siri za watu husomwa na yeyote aliyeketi mbele ya mashine. Kwa sababu hiyo tunapenda kueleza jinsi skrini ya programu hizi ilivyopangwa, na kwa nini kuijua vema ni sehemu ya kuwatendea watu haki.

Sehemu nne za kutambua

Wataalamu wa Kiswahili huuita uso wa programu kiolesura, yaani mahali ambapo mtu na mashine hukutana na kuelewana. Anayeanza huona alama nyingi zisizohesabika, akakata tamaa. Lakini sakristia nayo ina vitu vingi, na mhudumu mpya hafundishwi kukariri kila kitambaa kilipo. Hufundishwa kwanza kwamba kabati hili ni la mavazi, lile ni la vyombo vya altare, na rafu ile ni ya vitabu. Akishajua hivyo, hata akihamishiwa parokia nyingine hatapotea. Skrini nayo ijifunzwe kwa njia hiyo.

Sehemu ya kwanza iko juu kabisa. Ni mstari unaoonesha jina la waraka uliofunguliwa. Ukiona pameandikwa "Document1" au "Untitled 1", fahamu kwamba waraka huo haujapewa jina wala mahali pa kukaa, na kwamba bado haujahifadhiwa. Mstari huu hupuuzwa na wengi, ingawa ndio unaotuambia ni waraka wa nani tunaoushika.

Sehemu ya pili iko chini ya mstari huo. Ni utepe wa vifaa, uliogawanyika katika vichupo. Utepe huu ulianza kutumika katika Word ya mwaka 2007, na kila kichupo hujibu swali moja. Kichupo cha "File" hujibu: waraka huu nauweka wapi, nauchapa au naufunga vipi? "Home" hujibu: maneno haya yaonekane vipi, yawe makubwa au madogo, mazito au mepesi, katikati au pembeni? "Insert" hujibu: niongeze nini ambacho si maneno, kama vile jedwali, picha au namba za kurasa? "Layout" hujibu: karatasi yenyewe ikae vipi, na pambizo ziwe na upana gani? "Review" hujibu: nani amekagua maandishi haya, na kwa lugha gani? Anayeyajua maswali haya matano hana haja ya kukariri alama mia moja, kwa maana akihitaji jambo atajiuliza kwanza ni la swali lipi, kisha atakwenda kulitafuta kwenye kichupo chake. LibreOffice kwa kawaida hutumia menyu badala ya utepe, lakini maswali ni yale yale.

Sehemu ya tatu ni karatasi yenyewe, ile nyeupe iliyo katikati. Humo kuna kijistari kinachometameta, nacho huonesha mahali ambapo herufi inayofuata itaingia. Kanuni kubwa ya kukumbuka hapa ni kwamba programu hutenda juu ya kile ulichokichagua. Ukitaka jina la parokia liwe na herufi nzito, lichague kwanza kwa kuburuta mausi juu yake hadi liwe na kivuli, ndipo utoe amri. Mtu asiyejua kanuni hii hubofya na kubofya bila kuona mabadiliko, akadhani mashine imeharibika.

Sehemu ya nne iko chini kabisa. Ni mstari mwembamba wenye idadi ya kurasa na maneno, lugha ya ukaguzi, na upande wa kulia kipimo cha kukuza mandhari. Wazee wetu wenye macho hafifu wajue kwamba kipimo hicho hukuza maandishi kwenye skrini peke yake. Karatasi itakayochapwa haitabadilika.

Mambo ya kale yaliyobaki kwenye skrini

Baadhi ya mambo ya skrini hutatanisha kwa sababu asili yake ni ya zamani. Alama ya kuhifadhi ni picha ya disketi, kifaa ambacho vijana wengi hawajapata kukishika. Amri za kukata na kubandika zimetokana na kazi ya wahariri waliokata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Mtaalamu Larry Tesler na wenzake, katika maabara ya Xerox PARC huko California, ndio walioileta desturi hiyo kwenye kompyuta katika miaka ya 1970. Word yenyewe ilitoka mwaka 1983.

Waliojifunza kwa taipureta wana shida yao ya pekee. Kwenye taipureta, mstari ukifika mwisho ilikubidi urudishe gari la karatasi kwa mkono. Kwenye kompyuta maneno hushuka yenyewe, na kitufe cha "Enter" hutumika tu aya inapokwisha. Anayebonyeza kitufe hicho kila mwisho wa mstari atashangaa siku atakapoongeza neno moja, maana barua nzima itavunjikavunjika. Vivyo hivyo, kichwa cha barua kisisukumwe katikati kwa nafasi ishirini, bali kwa amri ya kuweka katikati iliyomo katika "Home". Katika kichupo hicho hicho ipo alama ¶. Ukiibofya, utaona kila nafasi na kila mwisho wa aya, na kosa lililojificha litajifichua.

Maneno ya Kiingereza kwenye skrini

Kikwazo kingine ni lugha. Wapo makatekista wanaofundisha kwa Kiswahili fasaha na kuwafariji wazee kwa Kikurya au Kingoreme, lakini hujiona hawana elimu mbele ya skrini yenye Kiingereza. Tungependa wafahamu kwamba hakuna ulazima wa skrini kuwa hivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo baadaye ilitoa Kiswahili kwa ajili ya programu zake. Kazi hizo zilisaidia kueneza maneno kama hifadhi, hariri, nakili na bandika, ambayo leo tunayakuta hata kwenye simu zetu.

Pale ambapo ofisi bado ina skrini ya Kiingereza, inatosha kuanza na maneno machache. "Open" ni fungua, "Save" ni hifadhi, "Print" ni chapa, "Cut" ni kata, "Copy" ni nakili, "Paste" ni bandika, na "Undo" ni tendua, yaani rudisha ilivyokuwa. Neno hili la mwisho liwe faraja ya kila anayeanza. Ukishika kitufe cha "Ctrl" na kubonyeza Z, jambo ulilolitenda mwisho litafutika. Kwa hiyo kujaribu hakuhitaji woga.

Mstari mwekundu na jina la mtu

Hapa tunafika kwenye jambo linalogusa heshima ya watu wetu. Mtu anapoandika barua ya Kiswahili, mara nyingi huona mistari myekundu chini ya karibu kila neno. Wengi hudhani wamekosea. Ukweli ni kwamba programu inakagua maandishi hayo kwa kamusi ya Kiingereza, na mstari ule una maana moja tu: neno hili sikulikuta katika kamusi yangu. Bofya jina la lugha lililo kwenye mstari wa chini, chagua Kiswahili kama kimo katika kompyuta yako, au uamuru maandishi hayo yasikaguliwe.

Lakini hata kamusi ya Kiswahili haiwezi kuyajua majina yote ya nyumbani kwetu. Ukiandika Bhoke, Ghati, Robhi au Nyamhanga, mstari mwekundu utatokea, na ukibofya kwa kitufe cha kulia, programu itapendekeza neno lingine linalofanana nalo. Mwandishi mwenye haraka akilikubali pendekezo, jina la mtoto limebadilishwa. Je, ni jambo dogo? Cheti cha ubatizo kitalinganishwa na cheti cha kuzaliwa, na kumbukumbu za shule, na kitambulisho cha Taifa. Herufi moja iliyopotea kati ya Bhoke na Boke yaweza kumsumbua mtu miaka ishirini baadaye, anapotaka kufunga ndoa au kudai urithi wa mzazi wake.

Na zaidi ya usumbufu huo, liko jambo la imani. Katika adhimisho la ubatizo, Kanisa huanza kwa kuwauliza wazazi wanampa mtoto wao jina gani. Jina hilo ndilo atakaloitwa mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya. Mashine inaruhusiwa kupendekeza, lakini uamuzi ni wa mwandishi aliyeuliza, akasikiliza, na kulinganisha na kitabu. Kwa hiyo, mbele ya jina la mtu, chagua "Ignore", au liongeze jina hilo katika kamusi ya kompyuta kwa "Add to Dictionary". Baada ya mwaka mmoja kompyuta ya parokia ya Tarime au ya Mugumu itakuwa imezoea majina ya watu wake.

Tahadhari hiyo hiyo ihusu amri ya kubadilisha neno katika waraka mzima. Ukiiamuru programu ibadilishe kila "Maria" kuwa "Martha", nayo ikakuta "Mariamu" katika orodha, itaandika "Marthamu" bila kusita. Badilisha neno moja moja, huku ukisoma.

Cheti kipya juu ya cheti cha zamani

Ofisi nyingi zina desturi ya kufungua cheti kilichoandikwa jana, kufuta jina, na kuandika jina jipya. Desturi hii ina hatari mbili. Ukibonyeza "Save", cheti cha jana kimefutika, maana kipya kimekaa mahali pake. Tena, lolote ulilosahau kulifuta, kama vile tarehe, jina la msimamizi au maelezo ya pembeni, litahamia kwa mtu asiyehusika nalo.

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kwamba Kipaimara na mambo yanayogusa hali ya mwamini Kikanisa, ndoa ikiwemo, yaandikwe pia katika kitabu cha ubatizo na kuoneshwa kwenye cheti. Maana yake ni kwamba cheti kinashuhudia kama mtu amefunga ndoa au yu huru kufunga. Alama ya ndoa iliyosahauliwa kutoka kwa cheti cha mtu mwingine yaweza kumzuia mchumba asiye na kosa. Ikikosekana pale inapotakiwa kuwepo, yaweza kufungua mlango wa ndoa isiyo halali.

Dawa ni rahisi. Andaeni cheti kimoja kitupu, kisicho na jina la mtu, kiwe kielelezo. Kila kinapohitajika kifunguliwe, na kabla ya kuandika lolote ichaguliwe amri ya "Save As", yaani hifadhi kwa jina jingine. Kisha tazameni ule mstari wa juu kabisa: je, jina linaloonekana ni la cheti kipya? Likiwa ndilo, endeleeni. Baada ya kuchapa, cheti kisomwe sambamba na kitabu kabla ya kutiwa sahihi na muhuri. Kitabu cha wino ndicho shahidi wa kwanza, na kompyuta ni msaidizi wake. Tena, kwa kuwa umeme wetu hukatika bila kubisha hodi, zoeeni kubonyeza "Ctrl" na S kila mnapomaliza aya. Ni kweli kwamba Word huweka nakala ya uokozi, kwa kawaida kila baada ya dakika 10, lakini dakika 10 za kazi ya majina si kitu cha kupoteza.

Majina ya faili na siri za watu

Liko jambo moja la skrini ambalo halitajwi mara nyingi katika mafunzo. Ukifungua kichupo cha "File", programu huonesha orodha ya nyaraka zilizofunguliwa karibuni. Yeyote atakayeketi baada yako ataisoma orodha hiyo, na akibofya jina lolote, waraka utafunguka.

Sote twajua hali ya wilaya zetu. Wapo wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni, na vituo vya kuwahifadhi vipo, Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti. Mwalimu, katekista au kiongozi wa jumuiya anaweza kuombwa kuandika barua ya kumwombea msichana hifadhi. Barua hiyo ikiandikwa kwenye kompyuta ya steshenari, ikaachwa humo ikiwa na jina la msichana na la kijiji chake, aliyetaka kumlinda amewaonesha wanaomtafuta njia ya kumfikia. Hali kadhalika barua za wagonjwa, za wanandoa wenye mafarakano, na za wenye madeni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatudai kuwa waangalifu na taarifa za watu. Sisi Wakristo tulidaiwa uangalifu huo kabla ya sheria, kwa amri ya upendo. Basi barua za namna hiyo ziandikwe kwenye kompyuta ya ofisi yenye nywila, na mtu anayehusika nazo mwenyewe. Faili lisipewe jina la mtu, bali namba inayoeleweka ofisini. Ikibidi kutumia mashine ya watu wengi, hifadhini katika flashi yenu, ondoeni jina la waraka katika ile orodha kwa kubofya kitufe cha kulia, na hakikisheni hakuna nakala iliyobaki katika folda wala katika pipa la taka la kompyuta. Hapo ndipo kujua kuandika mwenyewe, hata kwa vidole viwili na polepole, kunapokuwa tendo la huruma.

Namna ya kujifunza parokiani

Kujifunza huku hakuhitaji chuo wala ada. Parokia yenye kompyuta moja inaweza kutenga saa moja baada ya Misa ya Dominika. Juma la kwanza wanafunzi watambue zile sehemu nne bila kuandika neno. Juma la pili waandike barua fupi ya jumuiya yao, waipe jina na kuihifadhi. Juma la tatu wajizoeze kuchagua, kukata, kubandika na kutendua. Juma la nne waandike orodha ya majina ya wanajumuiya na kuisoma kwa sauti mbele ya wenye majina hayo, ambao watasahihisha. Kwenye vigango visivyo na kompyuta, simu yenye programu ya kuandikia yatosha kuanzia, maana maswali ya msingi ni yale yale, ijapokuwa vifungo vimefichwa katika menyu ndogo.

Vijana wa VIWAWA wanaojua mashine, tunawasihi msiwanyang'anye wazee mausi. Mzee akikosea, mwoneshe kwa maneno, umwache atende kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana mkono ndio unaojifunza. Nanyi mama zetu wa WAWATA na baba zetu viongozi, msione haya kuuliza. Kijana anajua vitufe, ninyi mnajua ukoo wa kila mtu na jinsi jina lake linavyotamkwa, na orodha iliyo sahihi inahitaji maarifa yote mawili.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya mawasiliano ya jamii, uliwataka waamini watumie vyombo hivyo kwa ujuzi na kwa dhamiri. Tunawaomba maparoko na mabaraza ya walei waanze na jambo dogo mwezi huu: kila ofisi iandae kielelezo kitupu cha cheti, na kila jumuiya ichague watu wawili, mzee na kijana, wa kujifunza pamoja. Mwenyezi Mungu, anayemjua kila mmoja wetu kwa jina, awabariki katika kazi hiyo. Amina.